Mwaka Niliokabidhiwa Mlio wa Bunduki

Mimi ni mwoga. Nasema hivi mapema ili mtu asije akanitarajia ushujaa huko mbele. Naogopa mbwa, naogopa ngazi za umeme, naogopa simu inayolia nikiwa bafuni, na kuliko vyote naogopa mlio wa ghafla. Kwa hiyo nikikuambia kwamba mwaka mzima nilifanya kazi ya kupiga milio katika ukumbi wa kale wa maigizo hapa Sydney, bila malipo, kwa hiari yangu mwenyewe, una haki ya kucheka. Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Tulikuwa tunaishi Guildford: Mama, mdogo wangu wa kike, wanangu wawili na mimi. Na nyumba yetu ilikuwa na utaratibu wa Mama. Kikilipuka chochote nje, gari bovu, fataki, hata mlango wa jirani ukibamizwa na upepo, Mama husema "Chini!" nasi sote tunalala sakafuni palepale tulipo. Kisha kimya. Kisha Mama anaanza kuita kwa sauti ndogo, mmoja mmoja, kwa kufuata umri.

"Mukubwa, uko?" Huyo ni mimi.

"Niko."

"Mudogo, uko?"

"Niko."

Wanangu, ambao Kiswahili wanakielewa lakini majibu yao yote ni ya Kiingereza, walikuwa wanaitika, "Here, Koko," yaani niko, Bibi, huku wakichomoa nyuzi za zulia. Mama akishapata sauti zote ndipo tunaamka, tunajikung'uta, na chakula kinaendelea kuliwa.

Wageni waliotukuta hivyo walidhani ni mchezo wa familia. Mimi sikuwahi kuucheka utaratibu huo kwa sababu nilikuwepo ulipoanza. Nilikuwa msichana mdogo, kwetu mashariki ya Kongo, tuko kwenye mkutano ndani ya jengo la shule lenye mlango mmoja. Milio ikaanza, Mama akatuvuta chini. Ilipokwisha akaita. "Mukubwa, uko?" Nikaitika. "Mudogo, uko?" Naye akaitika. Halafu akamwita Baba: "Papa ya batoto, uko?" Akaita tena. Akaita tena, kwa sauti iliyokuwa inapanda, sauti ambayo sijaisikia kwa binadamu mwingine, na Baba hakuitika. Juu ya siku hiyo sina zaidi.

Mwaka ninaousimulia ulianza kama inavyoanza miaka yote ya Sydney, kwa fataki. Jiji zima limetoka nje kutazama mbinguni, sisi tuko chini ya meza tunaitana. Nakumbuka nilimtazama mwanangu mkubwa akiwa amelala kifudifudi, anahesabu rangi zinazopita dirishani, nikajiambia kwamba huyu mtoto hajawahi kuona vita na bado anajua kulala kama askari. Niliumia sana. Niliapa kwamba mwaka huo nitafanya kitu.

Kitu chenyewe kilikuja kwa njia ya mwalimu wa darasa letu la Kiingereza. Yeye alikuwa mwanachama wa kikundi cha maigizo cha mtaani kwake, stesheni chache kutoka kwetu, akaniambia niende huko nikasikilize watu wanaotamka maneno yote mpaka mwisho, tofauti na wenzangu wa kazini. Kazini kwangu ni chumba cha kufulia nguo cha hospitali kule Westmead, ambako mashine zinanguruma tangu alfajiri na Kiingereza chote ni cha kupiga kelele. Nikaenda Februari, siku ya joto la kuyeyusha lami.

Ukumbi ulikuwa wa matofali mekundu, mkongwe kuliko bibi yangu kama angekuwa hai. Viti vilinunuliwa kwenye sinema iliyokufa, pazia la mahameli lilikuwa na viraka vingi kuliko kitambaa chake chenyewe, na darini waliishi wanyama wa manyoya ambao hakuna aliyewahi kuwafukuza. Ukutani kulikuwa na ubao wenye majina ya wanachama waliokwenda vitani zamani wasirudi. Nilipouona ubao ule nilitaka kugeuka. Lakini walishanipa kikombe cha chai, maji ya moto yaliyopitishwa mbele ya majani, na mimi siwezi kuondoka nyumba ya mtu nimeshika kikombe chake.

Mambo mawili niliambiwa siku hiyo. La kwanza, ukishika kazi Februari unaishika mpaka Novemba, michezo yote minne ya mwaka. Hakuna kubadilishana katikati. La pili, pale sauti hazichezwi kwa mashine. Mvua, radi, upepo, kengele, mlango, vyote vinapigwa kwa mkono nyuma ya pazia, kama walivyofanya waliojenga ukumbi, na walijivunia jambo hilo kupita kiasi. Mzee wa sauti, aliyeifanya kazi hiyo miaka na miaka, goti lake lilikuwa limekwisha. Alihitaji mtu wa kumfundisha. Macho yote yakanigeukia mimi mgeni, na kwa Kiingereza changu cha wakati ule nilishasema "Yes" kabla sijaelewa swali.

Mzee akanionyesha vyombo vyake kimoja kimoja. Sanduku la mvua lenye njegere kavu ndani, unalilaza huku na kule. Pipa la upepo lililovikwa turubai, lenye mkono wa kuzungusha. Mlango mdogo usiofungua popote, wenye makufuli ya kila aina. Bati la radi lililoning'inia kwa minyororo. Mwisho kabisa, kwenye kona, ubao mrefu uliofungwa kamba upande mmoja.

"Na huu?" nikauliza.

Alikanyaga mwisho wa ubao, akavuta kamba upande wa pili ukainuka, akaachia.

Nilijikuta nimelala sakafuni. Sikujikwaa, wala sikuzimia. Mwili ulijilaza wenyewe, na nilikuwa nimeshafumba macho nikingoja sauti ya Mama. Mzee wa watu alisimama na goti lake bovu, hajui afanye nini. Wiki iliyofuata nilikuta mto wa kochi umewekwa sakafuni karibu na ubao, na yeye anajifanya ana shughuli nyingi na makufuli.

Usiku wa siku ile ya kwanza nilipekua michezo yote minne, kamusi mkononi. Mlio wa bunduki ulikuwa mmoja tu mwaka mzima, katika mchezo wa Novemba. Mwanamume mmoja, mfanyabiashara aliyeharibikiwa, anavua miwani, anaiweka mezani, na kutoka nje ya dirisha adui yake anampiga risasi. Anaanguka. Basi. Nikafunga kitabu, nikakiweka chini ya godoro, na tangu siku hiyo nililalia Novemba.

Nyumbani nilimwambia Mama kwamba najifunza kupiga mvua kwa njegere. Aliniuliza tu njegere zinaliwa lini.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa vichekesho, milango na kengele, nikaupita vizuri. Wa pili, wakati majani yanapukutika, ulikuwa wa mvua na radi. Panya walikuwa wamezila njegere za mzee, nikaleta maharage yetu ya madoadoa kutoka jikoni, na mvua ikawa nzito, ya kwetu hasa. Watu waliisifu. Radi ilinitoa jasho, lakini radi angalau inaanza kwa mbali, inakupa nafasi ya kujiandaa. Wa tatu ulikuwa wa Julai, upepo mtupu. Ukumbi ule hauna joto hata kidogo. Watazamaji walikaa na mablanketi magotini, nami nilizungusha pipa mpaka mabega yakawaka, nikamshukuru Mungu kwa kila siku ambayo haikuwa Novemba.

Mwezi wa nane mzee alilazwa kwa ajili ya goti. Nikabaki peke yangu na ubao.

Nilijaribu kujizoeza. Nilikwenda mapema kabla ya wenzangu, nikakanyaga, nikavuta kamba, nikasimama hivyo mpaka mkono ukachoka, kisha nikaushusha ubao polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Vidole havikuachia. Nilivitukana vidole vyangu kwa lugha zote ninazozijua. Mwishowe nikamwendea mwongozaji wetu, mama wa Kiaustralia mwenye nywele nyeupe zilizokatwa chini, aliyetembea jukwaani bila viatu hata kwenye baridi. Nikamwomba yule mfanyabiashara auawe kwa kisu. Au kwa sumu. Sumu ni nzuri, nikamwambia, haina kelele.

Hakunicheka. Alinishika bega akanieleza kwamba mchezo wote umejengwa juu ya mlio ule, na si mlio tu, ila kimya kinachoufuata. Mtu akishaanguka, alisema, ukumbi mzima utanyamaza mpaka kila aliyekaa asikie moyo wake mwenyewe. Pasiwe na kikohozi. Pasiwe na mguu unaoburuzwa nyuma ya pazia. "Kile kimya ni changu," akasema, na alikuwa anatabasamu lakini hakuwa anatania. "Sisi wa nyuma hatuna sauti, love. Tukisikika, tumeharibu."

Ningeweza kumweleza sababu. Mdomo ulifunguka, nikaishia kumwambia asante.

Na bado sikuwa nimefika kwenye baya lenyewe. Baya lenyewe lilikuwa mstari wa tatu. Katika onyesho la mwisho la mwaka, viti vyote vya mstari wa tatu ni vya jamaa za watu wa nyuma ya pazia. Ni mila yao ya tangu kale, ya kuwaheshimu wasioonekana. Na kwa kuwa mwaka ule wengi walikuwa wazee wasio na watu, mwongozaji akanitangazia kwa furaha kubwa kwamba mstari mzima ni wangu. Nilete mama yangu. Nilete marafiki zake wa kanisani.

Nikadanganya nyumbani kwamba tiketi zimekwisha. Uongo wangu ulidumu mpaka Jumapili, kwa sababu mwalimu wangu wa Kiingereza alikutana na Mama dukani akamkaribisha mwenyewe, kwa ishara na kwa kumshika mikono yote miwili. Mama alirudi na mchele kwenye kikapu, akakaa, akanitazama.

"Unanificha juu ya nini?"

Nikamweleza yote, ubao, kamba, mtu wa miwani. Nilidhani atapiga kelele. Alivuta ungo, akaanza kupeta mchele usio na hata jiwe moja.

"Bunduki iko wapi?"

"Haiko, Mama. Ni ubao tu."

"Na mwenye kupiga ni nani?"

"Ni miye."

"Kazi yote ya Australia," akasema, "weye ukachagua ile." Kisha akauliza, "Mulango iko ngapi?"

"Mine."

"Inafungukia inje ao mu ndani?"

"Inje, Mama. Nakuomba, usiende. Kaa nyumbani, nitakuletea keki."

Hapo ndipo alipokasirika. Aliweka ungo chini. "Kule kutalia, na weye uko ndani, na miye niko hapa napika? Nitakuita namna gani nikiwa hapa? Nitakuya na miye kule."

Nilichoweza kumpa ni onyo tu. Nikamwambia, Mama, yule mwanamume akivua miwani na kuiweka mezani, ujue ndiyo saa yake. Ziba masikio. Nilijiona nimefanya la maana, kwa kuwa mlio unaoujua si wa ghafla tena. Sikufikiri kwamba Mama atakwenda na habari hiyo kanisani, na kwamba kila mama wa pale, wa Guildford na wale wa Macquarie Fields wanaokuja kwa treni, ana jengo lake lenye mlango mmoja.

Siku ikafika, Jumamosi ya mchana, mijakaranda imemwaga maua ya zambarau barabarani. Akina mama wa kanisani waliingia na vitenge vya sikukuu, vilemba vimefungwa juu, wakajaza mstari wa tatu wote. Mama alikaa mwanzo wa mstari, upande wa mlango. Mdogo wangu alikuwa kazini na wanangu walikuwa kwa jirani, kwa hiyo mtu wa damu aliyekuwa naye ndani ya ukumbi ule nilikuwa mimi peke yangu. Kwenye ukuta wa mbao wa jukwaa kuna tundu dogo la kuchungulia. Nilichungulia, nikamwona anahesabu milango kwa kidole.

Sehemu ya kwanza ikapita. Mapumziko yakapita. Nilisimama kwenye ubao mapema mno, kamba imenizunguka kiganja mara mbili, nikasikia mfanyabiashara anafikia maneno yake ya mwisho. Akanyamaza. Nikachungulia. Akapeleka mkono usoni, akavua miwani.

Mstari wa tatu ukatoweka.

Sijui niseme vipi tena. Vilemba vilikuwepo, na mara havikuwepo. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna kiti kilicholia. Akina mama wazima, wengine wenye shinikizo la damu na magoti mabovu, waliteremka kati ya viti kwa pamoja bila hata mtikisiko, na nilichoona kwenye mwanga hafifu ni safu ya viti vitupu. Watu wa mstari wa nne walikuwa wanatazama jukwaa. Sidhani kama walijua wameona nini.

Miwani ikawekwa mezani. Ilikuwa saa yangu. Vidole vikagoma. Na hapo nikaelewa kitu kilichonitia hofu kuliko mlio: kwamba wako chini wanaungoja, na nisipopiga wataendelea kulala pale wakiungoja, na hakuna kungoja kubaya kama kule. Nikaachia kamba.

Pa!

Mfanyabiashara akaanguka. Kikaja kile kimya cha mwongozaji, kizuri kama alivyokitaka, ukumbi mzima bila pumzi. Na ndani ya kimya hicho, kutoka sakafuni, nikasikia sauti ndogo ninayoijua.

"Mama wa kwaya, uko?"

"Niko."

"Mama mapacha, uko?"

"Niko."

Aliwaita wote, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya mtu anayefunika watoto blanketi. Nao waliitika wote. Niliona mguu wa marehemu jukwaani ukishtuka. Upande wa pili wa jukwaa mwongozaji alikuwa amesimama peku, viganja mdomoni. Nikajua nani amebaki.

"Mukubwa, uko?"

Sisi wa nyuma hatuna sauti. Nilikuwa nimefundishwa hivyo tangu Februari, nami ni mtu wa kutii, na kile kimya hakikuwa changu. Nikauma mdomo. Nilidhani atajua tu kwamba niko, amenileta mwenyewe duniani, ametoka kuusikia mlio nilioupiga kwa mkono wangu.

"Mukubwa, uko?"

Sauti ilikuwa imeanza kupanda. Si sana. Lakini niliitambua, nikarudi kuwa msichana mdogo mwenye vumbi mdomoni, nikajua vizuri inakoelekea. Nilikuwa nimeisikia ikifika huko.

"Niko!" nikapiga ukelele. "Niko, Mama! Niko!"

Vilemba vikaanza kuinuka. Kimoja, kingine, kingine, vimepinda pinda, mikono inavirekebisha. Cha Mama kikawa cha mwisho. Mwigizaji aliyepaswa kuingia akaingia, akasema maneno yake, na mchezo ukaendelea mpaka pazia.

Baadaye mwongozaji alinifuata kwenye kona yangu. Nilimsubiri anifukuze. Aliuliza lile neno "Niko" maana yake nini, nikamwambia, na safari hii nikamweleza na sababu. Alikaa kwenye ule mto wa sakafuni. Akanishika kifundo cha mguu kwa muda, kisha akaenda kuagana na wageni.

Nilimkuta Mama kwenye meza ya chai, ameshika biskuti na kile kikombe chao cha maji ya moto, kilemba chake bado kimekaa upande. Akina mama walikuwa wanamcheka marehemu, aliyekuwa anapita akigawa keki. Mama hakucheka. Chai ilikuwa inacheza ndani ya kikombe chake. Alinitazama uso, kifua, miguu, kama anayenunua kitu sokoni.

"Ulikawia," akasema.

"Nisamehe, Mama."

"Ulikawia kuitika."

Nikampokea kikombe kisimwagike. "Niko," nikamwambia.